Kufa kwa Hiari: Mvuto wa Gemu Ngumu na Kosa Linalosomeka

Katika vijiwe vya bodaboda vya Madale, kama ilivyo Tegeta, Goba na kwingineko pembezoni mwa Dar es Salaam, abiria wasipopatikana vijana huinamia simu. Mmoja anafukuzia kindege cha Aviator, gemu ya kamari, na hela yake imo mle ndani. Mwenzake anarusha kisanduku juu ya miiba katika Geometry Dash. Hakuna anachoweza kushinda, na kila baada ya sekunde chache kisanduku kinapasuka, anaanza upya. Mzazi anayepita huwaona wote wawili kuwa wamepotea njia moja. Makala haya yanapinga hukumu hiyo, hasa kwa kuwa siku hizi inasemwa pia kwa lugha ya kitaaluma.

Chimbuko la lugha hiyo ni kazi nzuri. Natasha Dow Schüll, katika kitabu chake cha 2012 kuhusu mashine za kamari za Las Vegas, alionyesha kwamba wachezaji wengi hawakai pale ili washinde. Wanakaa ili waendelee kukaa, mpaka muda, fedha na shida za nyumbani vifutike akilini. Raundi fupi na marudio ya haraka ndivyo vinavyowashikilia. Hadi hapo hakuna ubishi. Kosa ni la wale waliochukua sifa hizo mbili, ufupi na wepesi wa kurudia, wakazigeuza kipimo cha kuhukumia kila gemu ya simu. Kwa kipimo hicho Geometry Dash ina hatia kuliko hata mashine yenyewe, kwa sababu mchezaji akifa anarudishwa mwanzo papo hapo, bila hata kuombwa sarafu.

Kipimo kinachoshindwa kutenganisha vitu viwili vilivyo mbali hivi hakifai.

Tuitazame gemu yenyewe. Robert Topala wa Sweden aliitoa mwaka 2013, akiwa ameitengeneza kwa sehemu kubwa peke yake. Kisanduku kinakwenda mbele chenyewe, kwa mwendo usiosimama. Mchezaji ana tendo moja tu, kugusa skrini ili kiruke. Hakuna kurudi nyuma, hakuna silaha, hakuna hadithi. Ukigusa mwiba umekufa, na skrini inakuonyesha umefika asilimia ngapi ya safari na hili ni jaribio la ngapi. Hatua ya kwanza, Stereo Madness, haimalizi hata dakika mbili kwa anayeiweza, lakini mgeni anaweza kumaliza jioni nzima akiwa bado hajauona mwisho wake. Toleo la bure, ambalo ndilo rahisi kulikuta kwenye simu ya bei nafuu, linamwekea matangazo pia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba miiba haihami. Mwiba uliokuua jana uko palepale leo, kwenye mdundo uleule wa muziki, kwani vikwazo vimepangwa kufuata wimbo. Kwa hiyo kila kifo kinaacha maarifa: niliruka mapema, au nilichelewa, au nilitazama kisanduku badala ya kutazama mbele. Kidole kinajifunza kabla mdomo haujaweza kueleza. Kuna hata namna ya mazoezi, ambapo mchezaji anaweka alama njiani ili akifa aanzie hapo, akirudia kipande kimoja kigumu mpaka kimkae mkononi, kisha anarudi kuicheza hatua nzima.

Aviator haina kitu cha namna hiyo. Matokeo ya raundi yameshaamuliwa na namba za nasibu kabla kindege hakijapaa. Aliyetoa hela yake mapema na aliyechelewa wote wanaondoka na hadithi ya kusimulia, ila hadithi hiyo haiwasaidii chochote kwenye raundi inayofuata. Marudio ya Geometry Dash yanazaa ujuzi. Ya Aviator yanazaa tumaini tu, na mkeka uliochanika haumfundishi mtu kusuka mwingine.

Nadharia maarufu ya Mihaly Csikszentmihalyi, kwamba raha huja pale ugumu unapolingana na uwezo, haitoshi kueleza hali hii. Anayeanza Geometry Dash hana ulinganifu wowote. Amezidiwa mbali, na bado haachi. Jesper Juul, katika kitabu chake cha 2013, anakaribia zaidi anapouliza kwa nini watu wanaochukia kushindwa wanazitafuta gemu zinazowashinda. Jibu linalotetewa hapa ni finyu zaidi kuliko lake: kushindwa kunavumilika, hata kunavutia, pale sababu yake inaposomeka na iko mikononi mwa aliyeshindwa.

Ushahidi mzuri unapatikana pale mambo yanapoharibika. Skrini nyingi huchora picha 60 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 17 hivi. Simu dhaifu inayokwama katikati ya mruko inameza picha kadhaa. Spika za masikioni za bluetooth nazo huchelewesha sauti kiasi cha kuachana na mdundo. Ugumu umeongezeka, lakini mvuto haukuongezeka. Mchezaji anailaumu simu na kuiweka chini. Kama raha ingekuwa ni ugumu mtupu, au kurudia kutupu, simu mbovu ingekuwa neema.

Kipingamizi kikubwa cha hoja hii ni Flappy Bird, gemu ya kupitisha ndege kati ya mabomba. Mabomba yake yalipangwa kwa nasibu, na Dong Nguyen wa Hanoi aliiondoa sokoni Februari 2014, ikiwa kileleni, akisema imekuwa uraibu. Hata hivyo nasibu ile ilionekana kabla ya kufika: bomba liko mbele ya macho, ndege bado yuko nyuma, na anayegonga amegonga kwa kosa lake. Kwamba wapo waliozidisha ni kweli, na hoja hii haiwezi kuwakana.

Pwani haina haja ya kufundishwa haya na Sweden. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, halina dadu wala karata iliyofichwa, na Alex de Voogt, aliyechunguza mabingwa wa Zanzibar katika tasnifu yake ya 1995, aliukuta umahiri wa kukokotoa unaojengwa kwa miaka mingi. Hakuna aliyewahi kuwapeleka wazee wa baraza la bao kwa daktari.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ya 2003 inatazama fedha na bahati, na inamzuia aliye chini ya miaka 18. Shule na wazazi wangefaidika wakitumia jicho hilohilo kabla ya kunyang'anya simu. Na dai la makala haya linaweza kupimwa pale pale kijiweni: asilimia anazofikia mchezaji huyohuyo ziandikwe wiki baada ya wiki. Zisipopanda, naye akaendelea kucheza vilevile, basi wafuasi wa Schüll watakuwa wamesema kweli.