Mgahawa wa Mwenzetu Karibu na Geti la Momela

Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, kina mama wengi wameomba tuandike habari za mgahawa uliokuwa karibu na geti la Momela. Ulikuwa wa mwenzetu, mumewe na binti yao. Wanaopanda Mlima Meru huanzia geti hilo, hivyo wateja walikuwa wapagazi, wapishi na madereva. Alfajiri chai ya maziwa na chapati. Mchana makande, ndizi nyama, na loshoro ambayo hata madereva wa mjini waliizoea.

Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, hapa hapa Arusha. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Mgeni asipokuja mpagazi hana kazi, na mpagazi asiye na kazi atalipa chakula kwa nini? Ndege ziliruhusiwa tena tarehe 18 Mei, ila wageni walichelewa mno. Daftari la madeni likajaa. Juni wakafunga, wakauza masufuria na mabenchi.

Mwenzetu alikuwa bado na mkopo wa kikundi. Kikao kile kilikuwa kirefu, na maneno makali yalisemwa. Wengine walitaka hisa zake zikatwe palepale. Nao walikuwa na haki, maana hela ile ilikuwa ada za watoto wetu. Mwisho tukakubaliana alipe kidogo kidogo bila faini. Alimaliza Desemba 2021, kwa kuuza maziwa na mboga. Mgahawa haukufunguliwa tena. Binti yao sasa anakaanga maandazi Usa River.