Junction 1954: kambi ya kiu na msimu wa ushindi mmoja

Paul "Bear" Bryant alitua Texas A&M mwaka 1954 akitokea Kentucky, akiwa na umri wa miaka 40 na sifa ya kocha asiyependa masihara. Wakati huo A&M kilikuwa chuo cha wanaume watupu, kinachowalea wanafunzi kijeshi. Timu yake ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono na kuvaa helmeti, ilikuwa dhaifu.

Mwanzoni mwa Septemba aliwapakia vijana kama 100 kwenye mabasi mawili, wakaenda kupiga kambi Junction, mji mdogo ulio magharibi mwa chuo, ambako walilala kwenye mabanda. Texas ilikuwa katikati ya ukame mkali. Uwanja ulijaa mawe, vumbi na mbigili, na jua la mchana lilipitisha nyuzi 38. Mazoezi yalianza kabla hakujapambazuka, yakarudiwa alasiri, na maji yalikuwa marufuku. Hakuwa Bryant peke yake. Makocha wengi wa Marekani wakati ule waliona kunywa maji mazoezini ni ulegevu. Kijana mmoja alizidiwa na joto akaanguka, nusura afe. Wengine walifungasha usiku wakatoroka kimyakimya. Siku kumi zilipoisha, waliobaki walikuwa kama 35. Basi moja liliwatosha.

Kisha msimu ukaanza. Mechi ya kwanza, chuo cha Texas Tech kiliwachapa 41-9. Mwisho wa msimu A&M walikuwa wameambulia ushindi mmoja tu, 6-0 dhidi ya chuo cha Georgia, na vipigo tisa. Tusiwaonee lakini: chuo cha TCU kiliwashinda kwa pointi moja, 21-20, na cha SMU kwa 6-3. Kanuni za miaka ile zilibana sana kubadilisha wachezaji, hivyo yule yule aliyeshambulia ndiye aliyerudi kulinda. Kwa kikosi kilichopukutika kiasi kile, sishangai kuwa mechi za kubanana ziliwaponyoka.

Mwaka 1956 A&M walitwaa ubingwa wa ligi yao ya Southwest bila kupoteza mechi, na hapo ndipo hadithi ya Junction ilipoota mbawa. Ikaandikiwa kitabu, ikatengenezewa filamu, na wengi wakaamini kwamba jangwa lile ndilo lililozaa mabingwa.

Mimi siafiki. John David Crow, nyota wa kikosi kile, aliyeshinda tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 1957, hakukanyaga kambi ya Junction. Mwaka 1954 alikuwa mwaka wa kwanza, na sheria haikuwaruhusu wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa. Bryant alijenga ubingwa kwa kusajili vijana wazuri. Aliwasaka kwa pupa hata ligi ikakiadhibu chuo kwa kukiuka taratibu za usajili, na mabingwa wa 1956 wakanyimwa mechi ya heshima ya mwisho wa msimu.

Waliovumilia Junction hawakuwa watu wa kubeza. Jack Pardee alikuja kuwa kocha katika ligi ya kulipwa. Gene Stallings alirudi A&M kama kocha mkuu, na Januari 1, 1968 timu yake ikaifunga 20-16 timu ya chuo cha Alabama, ambako Bryant alikuwa amehamia, kwenye Cotton Bowl, mojawapo ya mechi zile za heshima. Kipenga cha mwisho kilipolia, mzee alimfuata mwanafunzi wake uwanjani akambeba juu juu, yeye aliyefungwa. Watu wa namna hiyo wangefika mbali hata kama wangepewa maji.

Bryant alifundisha misimu 38 na kushinda mechi 323. Msimu aliofungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda ni mmoja tu, na ndio uliotanguliwa na kambi ya Junction.