Ireland: Serikali mbili, timu moja ya raga

Kisiwa cha Ireland kina serikali mbili. Kusini ni Jamhuri inayotawaliwa kutoka Dublin, na kaskazini-mashariki ni kaunti sita zilizobaki chini ya Uingereza. Katika soka kila upande una timu yake ya taifa. Katika raga timu ni moja: Mprotestanti wa Belfast na Mkatoliki wa Limerick huvaa jezi ileile ya kijani. Umoja huo umepita katika miaka ya mabomu na mazishi bila kuvunjika, na kila kizazi kimelazimika kuulipia.

Ulianza kabla ya mpaka. Mwaka 1874 kiliundwa chama cha raga Dublin, na mwaka uliofuata Belfast nayo ikaanzisha chake. Timu ya Ireland ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa mwaka 1875 dhidi ya England jijini London, na mwaka 1879 vyama hivyo viwili vikaungana kuwa kimoja. Kisiwa kilipogawanywa mwaka 1921, soka iligawanyika pamoja nacho. Chama cha raga kilibaki kama kilivyokuwa.

Sababu moja ilikuwa muundo wake. Raga ya Ireland imejengwa juu ya majimbo manne ya kale: Leinster, Munster, Connacht na Ulster. Ulster ina kaunti tisa, sita zikiwa Ireland Kaskazini na tatu zikiwa ndani ya Jamhuri. Kugawa chama kungekuwa kulipasua jimbo lenyewe. Pia wachezaji wengi walitoka katika tabaka la kati na shule za sekondari zilizozoea kukutana viwanjani, Dublin kwa Belfast.

Mpaka, hata hivyo, uliwafuata hadi uwanjani, na mara nyingi uliingia kwa mlango wa nyimbo. Timu ilikuwa ikicheza nyumbani kwa zamu, Dublin na Belfast, na kila mji ulipiga wimbo wa taifa wa serikali yake. Mwaka 1954, kabla ya kucheza na Scotland kwenye uwanja wa Ravenhill, Belfast, wachezaji waliotoka Jamhuri walikataa kusimama kwa heshima ya wimbo wa Uingereza. Mechi iliokolewa kwa mazungumzo, lakini Ravenhill haukupokea tena mechi kamili ya kimataifa ya Ireland hadi Agosti 2007, Italia ilipokuja. Kwa zaidi ya miaka 50, mashabiki wa Belfast walilazimika kusafiri kwenda Dublin kuitazama timu yao. Huo ni mzigo wa kweli, na ulibebwa na upande mmoja.

Kisha vikaja vita vya kaskazini, kuhusu kubaki chini ya Uingereza au la. Mwaka 1972, baada ya wanajeshi wa Uingereza kuua waandamanaji jijini Derry na ubalozi wa Uingereza kuchomwa moto Dublin, Scotland na Wales zilikataa kusafiri kwenda Ireland. Ireland ilikuwa imekwisha kuzifunga Ufaransa na England ugenini. Mashindano ya Mataifa Matano hayakumalizika. Mwaka uliofuata England ilikubali kuja. Ilipoingia uwanjani Lansdowne Road, Dublin, watazamaji walisimama na kuipigia makofi kwa dakika kadhaa. England ilifungwa 18-9, na nahodha wake, John Pullin, akawaambia wenyeji kwamba huenda England si wachezaji wazuri, lakini angalau hufika.

Aprili 1987, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia la kwanza, wachezaji watatu wa Ulster walikuwa njiani kwenda Dublin kufanya mazoezi na timu ya taifa. Karibu na mpaka, bomu lililotegwa kumuua jaji Maurice Gibson lililipuka. Jaji na mkewe walikufa. Gari la wachezaji lilikuwa likipita hapo hapo, na Nigel Carr akaumia kiasi kwamba hakuichezea Ireland tena. Alipata majeraha hayo akienda kuitumikia timu ya kisiwa kizima; watu wanaopenda kusema kwamba michezo haina siasa wamkumbuke.

Katika Kombe hilo la 1987, kwa kuogopa kuchagua wimbo wa upande mmoja, viongozi walipiga wimbo wa mapenzi wa kienyeji. Mwaka 1995 wakamwomba mtunzi Phil Coulter, mzaliwa wa Derry, aandike “Ireland's Call”, unaoyataja majimbo yote manne bila kugusa dola yoyote. Ugenini huimbwa huo peke yake. Dublin huimbwa baada ya wimbo wa Jamhuri. Wapo wanaouona “Ireland's Call” mwepesi, na wapo watu wa kaskazini wanaouliza kwa nini wa Jamhuri unaendelea kupigwa. Malalamiko yote mawili yana msingi.

Februari 2007, Lansdowne Road ukijengwa upya, England ilikuja Croke Park, uwanja wa michezo ya jadi ambako majeshi ya Uingereza yaliua watu 14 katika mechi ya Novemba 1920. Wengi waliogopa zomeazomea. Wimbo wa Uingereza ulisikilizwa kwa heshima kamili, kisha Ireland ikashinda 43-13.

Mwaka 2018 Ireland ilishinda mechi zake zote za mashindano hayo, ambayo sasa ni ya Mataifa Sita, chini ya nahodha Rory Best wa Ulster. Mwaka 2023 ikarudia chini ya Johnny Sexton wa Leinster. Kama kisiwa kitaungana kisiasa ni swali la wapigakura, na raga haina mamlaka ya kulijibu. Ila imethibitisha jambo ambalo wanasiasa wa pande zote wangefaa kulisoma: watu wasiokubaliana kuhusu bendera wanaweza kufanya kazi moja kwa miaka 150, mradi kila mmoja awe tayari kuacha kitu anachokipenda.