Punda Hana Haraka

Mwaka 2018 punda wa nyanya yangu aliibwa usiku. Asubuhi tulimkuta kichakani, amechunwa. Nyama walituachia, walichotaka ni ngozi. Huyo ndiye aliyekuwa akituletea maji kutoka mtoni tangu niko shule ya msingi.

Wakati huo Kenya ilikuwa na vichinjio vya punda vyenye leseni, cha kwanza kikiwa kimefunguliwa 2016. Ngozi zilikwenda China, huchemshwa ikapatikana ejiao, dawa ya jadi. China yenyewe ilikuwa na punda takriban milioni 11 mapema miaka ya 1990. Wakapungua hadi chini ya milioni 3. Kwetu, kufikia mwisho wa 2018, walikuwa wamechinjwa zaidi ya 300,000.

“Si wazalishwe tu kama ng’ombe!” Jibu hilo nililisikia sana, hata kwa watu wenye mifugo. Ati mbegu ya dume ipandikizwe kwa mrija, basi.

Ajabu ni kwamba kazi hiyo ilikua mikononi mwa watu wa farasi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mrusi Ilya Ivanov alipandikiza mbegu kwa farasi wengi majike, akaonyesha kwamba dume mmoja bora anaweza kuwatosha majike wengi. Ng’ombe wakafuata. Kabete ilipata kituo chake mwaka 1946, na ng’ombe wa gredi wakaenea mashambani. Mwaka 1949, nchini Uingereza, Christopher Polge na wenzake waligundua kwamba gliseroli huzikinga mbegu zisife zinapogandishwa. Tangu hapo fahali aweza kufa leo na bado azae miaka mingi baadaye.

Punda je? Kosa si la dume. Shahawa zake ni nzito kwa mbegu, tena zenye nguvu, na zikigandishwa nyingi huamka zikiwa hai. Mpandikizie farasi jike mbegu hizo zilizogandishwa, mara nyingi atashika mimba, azae nyumbu. Mpandikizie punda jike, wa aina yake mwenyewe, na mara nyingi hazishiki! Watafiti wanaishuku gliseroli ileile, kwamba hailipatani tumbo lake la uzazi. Mlango wake wa kizazi nao ni mrefu na mwembamba, mrija haupiti kirahisi.

Hata akishika, ni kungoja. Mbuzi huzaa kwa miezi mitano, mara nyingi pacha. Ng’ombe, miezi tisa. Punda hubeba mwaka mzima na siku kadhaa juu, mtoto mmoja tu, na huyo naye ni miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa. Kiwanda cha kuchinja hakina subira hiyo.

Februari 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo, mahakama ikaiondoa marufuku 2021, kisha Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha biashara ya ngozi barani kote.

Nyanya hakuwangoja wote hao. Alinunua punda jike, na dume wa jirani akampanda bila mrija wala gliseroli. Akatia alama kwenye kalenda ya ukutani. Kalenda ikaisha, akatundika nyingine juu ya msumari uleule, na ilikuwa wiki ya pili ya alama mpya punda alipozaa.