Shamba Liko Wapi?

Leo tutafakari jambo lililowapata jirani zetu wa Tanzania.

Kabla ya mwaka 2009 watu wengi huko waliweka fedha zao katika kampuni iitwayo DECI. Miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji. Kutoa fedha kuliitwa kupanda mbegu. Kulipwa na faida kuliitwa kuvuna. Waumini walikuwa wameyazoea maneno hayo kanisani, basi wakapanda. Mwaka 2009 serikali ilipousimamisha mchezo huo, maelfu walikuwa bado wakingoja mavuno. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya viongozi.

Sasa tujiulize: shamba lilikuwa wapi? Aliyevuna alivuna mbegu ya mwenzake aliyekuja nyuma yake. Kama kila mmoja ahitaji wapya wawili, hatua ya kumi yataka watu 1,024, na ya ishirini yataka zaidi ya milioni moja. Mwishowe watu huisha, na walio nyuma hulia. Kwa hiyo hata aliyefaidika asiseme kwamba amebarikiwa. Huenda alichokula ni karo ya mtoto wa jirani yake.

Mithali 13:11 yatufundisha kuchuma kidogo kidogo. Basi ajapo mtu kutuahidi fedha izaayo tukiwa tumelala, hata akiwa ameshika Biblia, tumwulize kwanza: shamba liko wapi? Bwana atupe hekima. Amina.