Barua ya Uhura: waigizaji wa hadithi za anga huondoka kwa nini, na nani huwarudisha

Mwanzoni mwa mwaka 1967, Nichelle Nichols aliingia ofisini kwa Gene Roddenberry, mwanzilishi wa kipindi cha televisheni cha Star Trek, mjini Los Angeles akamkabidhi barua ya kujiuzulu. Msimu wa kwanza wa Star Trek ulikuwa umekamilika. Watazamaji walimjua kama Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano katika chombo cha angani Enterprise, mwanamke Mweusi aliyeketi kwenye chumba cha uongozi pamoja na maafisa wazungu na kusikilizwa kama mwenzao. Upande wa nyuma wa kamera mambo yalikuwa mengine. Kila mswada ulipopita mikononi mwa wakubwa, maneno yake yalipunguzwa, mwisho akabakizwa kutangaza tu kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Hakuwa na mkataba kama wenzake wakuu, bali alilipwa kwa siku alizoitwa, yaani kibarua. Na katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1994 anaeleza kwamba mfanyakazi wa chumba cha barua ndiye aliyemtobolea siri: barua za mashabiki zilikuwa zikimjia kwa wingi, karibu sawa na za nyota wawili wa kiume, lakini studio haikumpa.

Kwa hiyo aliamua kurudi kwenye jukwaa la New York, alikotaka kuimba na kuigiza tangu ujana wake. Roddenberry hakuipokea barua kwa moyo mmoja. Alimwomba alale nayo hadi Jumatatu.

Wikendi hiyo Nichols alihudhuria harambee ya chama cha NAACP cha kutetea haki za Weusi. Mwandalizi mmoja alimwambia kuna shabiki wake anayetaka kumsalimu. Aligeuka akidhani ataona kijana mmoja wa wale wanaokariri kila kipindi, kumbe ni Martin Luther King. King alimwambia kwamba Star Trek ni miongoni mwa vipindi vichache ambavyo yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kuvitazama hata usiku ukiwa umeingia. Nichols alipomwarifu kwamba anaacha, King alikataa katakata. Alimweleza kwamba kwa mara ya kwanza dunia inawaona watu Weusi jinsi walivyo, wenye akili na wenye nafasi yao katika kesho, na kwamba kiti kile akikiacha kinaweza kujazwa na mtu yeyote, hata kiumbe wa sayari nyingine. Jumatatu Nichols alirudi kwa Roddenberry na kumwambia anabaki.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi Marekani. Kwetu Afrika Mashariki tuna sababu ya kukisimulia zaidi. Nichols alipokwenda kufanyiwa majaribio ya kazi hiyo alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iliyotoka mwaka 1962, iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya iliyokuwa ikikaribia kujitawala. Jina la mhusika lilizaliwa hapo. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe aliyejigeuza binadamu anamsemesha Uhura kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika kipindi ambamo Uhura anafutwa kumbukumbu na kulazimika kujifunza kusoma upya, anapokwama anakimbilia Kiswahili. Matamshi si ya Lamu, lakini lugha ni yetu, na ilikuwa hewani Marekani miaka mitatu tu baada ya bendera ya Kenya kupandishwa.

Na anga yenyewe ikaja kutafuta jina hilohilo. Star Trek ilifutwa mwaka 1969 baada ya vipindi 79. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, NASA ilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota. Ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo.

Turudi kwa waigizaji wanaoondoka, na tuanzie nyumbani. Ukitoka Rongo katika kaunti ya Migori ukashika barabara ya Homa Bay, unafika Asumbi, mahali penye misheni ya Kikatoliki, shule ya wasichana na chuo cha ualimu. Sehemu hizi mtu hakutani na uigizaji kwanza kwenye studio. Anakutana nao shuleni, katika tamasha za drama ambazo Kenya imeziandaa tangu mwaka 1959, kuanzia ngazi ya chini hadi taifa. Yeyote aliyewahi kuandaa mchezo wa shule anaijua hofu ya kumpoteza mhusika mkuu. Mwanafunzi hodari anamaliza kidato cha nne, au karo inamrudisha nyumbani, au mwalimu aliyeuandika mchezo anahamishwa na TSC, tume inayoajiri walimu, na kazi ya mwaka mzima inayumba. Inabidi utafute mtu mwingine, au ubadilishe hadithi ili ukosefu wa yule wa kwanza usionekane.

Hadithi za kisayansi zina uwezo ambao tamthilia za kawaida hazina: zinaweza kulifanya pengo hilo kuwa sehemu ya hadithi. Mfano mkuu ni Doctor Who ya BBC, iliyoanza tarehe 23 Novemba 1963. William Hartnell, wa kwanza kumwigiza mhusika mkuu aitwaye Doctor, alikuwa akiugua ugonjwa wa kukakamaa kwa mishipa ya damu. Maneno yalimtoka kichwani katikati ya kurekodi, hasira zikawa karibu, na maelewano yake na watayarishaji wapya yakaharibika. Mwaka 1966 ilikuwa lazima aondoke. Badala ya kukizika kipindi pamoja na nguvu za mzee yule, waandishi waliamua kwamba mhusika wake si binadamu, hivyo anaweza kujivua mwili mmoja na kuvaa mwingine. Tarehe 29 Oktoba 1966 watazamaji walimwona Hartnell akianguka sakafuni na uso wake ukageuka kuwa wa Patrick Troughton. Hila iliyozaliwa kwa sababu ya ugonjwa imekiweka kipindi hai kwa karibu miaka 60.

Troughton naye alidumu miaka mitatu akachoka. Enzi hizo walirekodi kila wiki karibu mwaka mzima, na hata kupata likizo kulihitaji mhusika afungiwe mahali fulani katika hadithi ili asionekane. Baadaye alipomkuta Peter Davison akianza kazi hiyohiyo, alimshauri asizidishe miaka mitatu, na Davison akafuata. Hartnell alirudishwa mara moja, katika hadithi iliyorushwa kati ya mwisho wa 1972 na mwanzo wa 1973. Alikuwa dhaifu mno. Walimrekodi pembeni ameketi, akisoma maneno kwenye vibao, kisha wakamwonyesha kwenye skrini kana kwamba anazungumza na wenzake kutoka mbali. Mimi naiona kuwa heshima kubwa aliyopewa. Wangeweza kumsahau, lakini walitafuta namna ya kuikidhi hali yake ilivyokuwa. Alifariki mwaka 1975.

Wengine hawakuondolewa na mwili bali na watu. Christopher Eccleston, aliyemwigiza Doctor kipindi kiliporudi hewani mwaka 2005, alifanya msimu mmoja wa vipindi 13 akaondoka, na baada ya miaka mingi akaeleza kwamba uhusiano wake na wakubwa watatu ulikuwa umevunjika. Hakukubali kuja kwenye maadhimisho ya miaka 50. Aliporudi, alirudi kwa sauti tu, katika michezo ya kusikiliza iliyoanza kutoka mwaka 2021.

Pesa pia zina sehemu yake, tena kubwa. Mwaka uleule wa barua ya Nichols, Leonard Nimoy aliyemwigiza Spock alikuwa akilipwa dola 1,250 kwa kipindi ilhali ndiye aliyekuwa amependwa kuliko wote. Alipodai nyongeza, studio iliandaa orodha ya watu wa kumrithi masikio yale marefu. Mwisho walielewana. Lakini Nimoy ninayetaka akumbukwe ni yule wa mwaka 1973, Star Trek ilipofanywa katuni. Kampuni ya Filmation ilibana matumizi kwa kuwaacha nje Nichols na George Takei, yaani Mweusi na Mmarekani mwenye asili ya Japani, wahusika walioipa meli ile sura ya dunia nzima. Nimoy aliweka wazi kwamba bila wawili hao naye hayumo. Wakaajiriwa.

Nikiviweka visa hivi pamoja naona jambo moja likijirudia. Anayeondoka ana sababu zake, lakini anayerudi karibu kila mara yupo mtu aliyesimama na kusema neno. Nichols alikuwa na King, kisha Nimoy. Gates McFadden, daktari wa Star Trek ya mwaka 1987, alitolewa baada ya msimu mmoja kwa sababu mwandishi mkuu Maurice Hurley hakupatana naye. Hurley alipoondoka, simu ya Patrick Stewart, nahodha wa kipindi, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomshawishi McFadden kurudi mwaka 1989, na akabaki hadi mwisho mwaka 1994. Denise Crosby wa kipindi hichohicho aliomba aachiliwe kwa kuwa alichoka kusimama nyuma ya nahodha bila la kusema, akaondoka mwaka 1988. Mhusika wake akauawa. Miaka miwili baadaye waandishi walimwandikia hadithi ya wakati uliopinduka, ambamo yuko hai na ana kazi ya maana, na akarudi kuifanya.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Michael O'Hare, kamanda wa kituo cha angani katika Babylon 5. Msimu wa kwanza ukiendelea kurekodiwa alianza kuona na kusikia visivyokuwapo, na kuamini kwamba watu wanamwandama. Mwanzilishi wa kipindi, J. Michael Straczynski, alikuwa tayari kusimamisha kazi ili atibiwe. O'Hare alikataa, maana alijua kipindi kikisimama wenzake wote watakosa riziki. Alijikaza hadi msimu ukaisha, kisha akaondoka kimya kimya. Nje watu walikisia kwamba amefukuzwa au ameonekana hafai, na Straczynski akayanyamazia yote. Alikuwa ameahidi kuibeba siri hiyo hadi kaburini kwake. O'Hare akamjibu kwamba aibebe hadi kaburini kwa O'Hare, kwa sababu siku moja watu watahitaji kujua. Tiba ilimpa nafuu, akarudi mwaka 1996 katika hadithi ya sehemu mbili iliyomfungia mhusika wake safari kwa heshima. Alifariki Septemba 2012. Mwaka uliofuata Straczynski akaeleza ukweli hadharani.

Kwetu wagonjwa wa akili bado hufichwa ndani na kupewa majina mabaya. Ningefurahi kama kisa cha O'Hare kingesomwa katika kila chuo kinachofunza walimu, Asumbi kikiwemo.

Na tusidhani mwili huwachosha wa ng'ambo peke yao. Benson Wanjau, Mkikuyu aliyemwigiza Mzee Ojwang' wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kwa lafudhi ya Kijaluo hata watu wa upande huu wa ziwa wakamwona mtoto wa nyumbani, alipungukiwa na nguvu ya macho katika miaka yake ya mwisho, na Wakenya wakachanga pesa za matibabu yake. Alifariki Julai 2015. Mwigizaji wa hadithi za anga anaweza kupewa uso mwingine, lakini Ojwang' hakuwa na wa kumrithi.

Nichols aliendelea kurudi: katuni, kisha filamu sita kati ya mwaka 1979 na 1991. Kuanzia 1977 aliifanyia NASA kazi ya kuwavuta wanawake na watu wasio wazungu wajitokeze kuwa wanaanga. Kundi la watu 35 lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa na wanawake sita na wanaume Weusi watatu. Mae Jemison, aliyevutwa na Uhura tangu utotoni, alikuwa mwanamke wa kwanza Mweusi kufika angani mwaka 1992. Mwaka uliofuata aliigiza katika Star Trek. Mwezi Mei 2022 mfululizo mpya ulimleta Uhura akiwa kijana, akichezwa na Celia Rose Gooding, na humo wakaamua rasmi kwamba ametoka Kenya. Nichols alifariki tarehe 30 Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 89.

Sasa yupo Ncuti Gatwa. Alizaliwa Kigali mwaka 1992, familia yake ikakimbia mauaji ya kimbari na kufika Uskoti. Alipoonekana akiwa Doctor mwishoni mwa 2023, mtoto wa Rwanda alikuwa ameshika nafasi ya mhusika mkuu wa kipindi kongwe kuliko vyote vya aina hiyo. Tarehe 31 Mei 2025, baada ya misimu miwili, mwili wake ukageuka nuru na uso wa Billie Piper ukajitokeza, mwanamke ambaye mwenyewe aliwahi kuondoka mwaka 2006 na kurudi zaidi ya mara moja. Gatwa alieleza waziwazi kwamba kazi hiyo inadai mengi kwa mwili, moyo na akili, na kwamba mwili wake umechoka. Ni maneno ambayo Troughton angeyatia sahihi. Miezi michache baadaye Disney, iliyokuwa ikigharimia kipindi pamoja na BBC, ikajitoa. BBC imesema itaendelea. Gatwa bado ni kijana, na katika hadithi hii hakuna Doctor aliyefungiwa mlango. Siku watakapotaka kumpigia simu, natumaini watakuwa wameshaipanga ratiba upya kabla ya kuinua mkono wa simu.