Kinga ya mwili yawa silaha dhidi ya saratani ya ngozi iliyoenea

SARATANI ya ngozi hudhaniwa na wengi kuwa maradhi ya Wazungu. Dhana hiyo ni ghali kwa wakazi wa Meru na Embu. Melanoma, aina iliyo hatari zaidi, huwapata Waafrika mahali pasipotazamwa: kwenye wayo, kiganjani au chini ya ukucha. Mkulima wa majani chai huweza kudhani doa jeusi la wayoni ni kovu la mwiba. Watu wenye ualbino nao huugua zaidi saratani ya seli bapa za juu ya ngozi, hasa usoni, masikioni na shingoni, panapochomwa na jua la ikweta.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, upasuaji hutosha. Melanoma ikishafika mapafuni au kwenye ini, kemotherapi haifui dafu. Kabla ya 2011, wengi wa wagonjwa hao walifariki katika muda wa mwaka mmoja hivi.

Mwaka huo Marekani iliidhinisha ipilimumabu, na mnamo 2014 ikaidhinisha pembrolizumabu na nivolumabu. Dawa hizi haziui saratani zenyewe. Seli T, ambazo ni askari wa mwili, zina breki zinazozizuia kumshambulia mwenyewe. Saratani huzikanyaga breki hizo ili isiguswe, nazo dawa huziachilia. Utafiti wa breki hizo uliwapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mwaka uo huo semiplimabu iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya seli bapa iliyokithiri.

Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kuwa asilimia 43 ya wagonjwa wa melanoma waliopewa nivolumabu pamoja na ipilimumabu walikuwa hai baada ya miaka 10. Hata hivyo, melanoma ya nyayo huitikia tiba hii kwa kiwango cha chini.

Dawa hutiwa mshipani kwa dripu kila baada ya wiki kadhaa. Kinga iliyoachiliwa huweza kushambulia utumbo, mapafu au ini. Anayehara bila kukoma au kukosa pumzi hurudishwa hospitalini mara moja, akatulizwa kwa steroidi. Virusi vya Ukimwi pekee si kizuizi, mradi mgonjwa anameza ARV.

Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba hii katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, ila orodha hailipi bili. Hospitali za rufaa za Meru na Embu hutoa upasuaji na kemotherapi. Tiba ya kinga mara nyingi humlazimu mgonjwa kufunga safari ya Nairobi, ambako dozi moja huweza kugharimu mamia ya maelfu ya shilingi.